Kuni za Mtu: Maisha ya Sedekia Shija Malimi, 1931–1978

Jana wazee wa ukoo waliomba wasifu huu useme kwamba marehemu alifariki kwa ugonjwa wa kifua, uishie hapo, watu wazike. Mjane wake, Roza, alijibu neno moja tu: "Hapana." Kwa hiyo yatasomwa yote, tangu kuzaliwa kwake. Mwenye haraka atatuvumilia. Marehemu alivumilia mengi zaidi.

Sedekia Shija Malimi alizaliwa tarehe 3 Machi 1931, karibu na Nassa, kando ya Ziwa Viktoria. Kabla yake walitangulia mapacha, Kulwa na Doto, na kwa Wasukuma mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija, halina mjadala. Sedekia ni jina la ubatizo, lakini hata mchungaji aliyembatiza alikuwa akimwita Shija. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa asubuhi ya mvua, akapiga chafya kabla hajalia. Wanawake waliokuwa mle ndani wakaangua kicheko: "Huyu kashaanza kusikia baridi! Mleteeni nguo upesi!"

Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa shule achunge ng'ombe wa baba yake. Hakulalamika mbele za watu. Kusoma alijua, polepole, akifuatisha maneno kwa kidole, na Biblia yake imechakaa zaidi pale kwenye habari za wavuvi.

Uvuvi alifundishwa na mjomba wake, Magesa, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku ya kwanza kijana alikuja na koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, akaona amependeza. Magesa alimwacha apande mtumbwi, akamsukuma majini hapohapo ufukweni, penye maji ya kiuno.

"Haya, vua koti."

Shija akahangaika. Vidole vimekufa ganzi, vifungo havishikiki, koti limekunywa maji limekuwa zito kama ndama.

"Umeshakufa," mjomba akamwambia. "Nimekuzika, nimerudi nyumbani, nimekula. Kesho njoo na koti la kamba."

Tangu siku ile marehemu hakufunga tena kifungo katika maisha yake. Makoti yake yote aliyakata vifungo, akayatia kamba moja kiunoni, fundo la kuvuta mara moja. Alikwenda nayo hivyo mpaka kanisani, watu wakamcheka. Leo yumo ndani ya jeneza na koti lake la kamba. Roza amemfunga kwa mikono yake, fundo lilelile.

Alifunga ndoa na Roza tarehe 12 Novemba 1955. Siku ya kwenda ukweni alibeba kitita cha kuni begani. Mama mkwe akatoka mlangoni, akamtazama juu mpaka chini.

"Baba, umekuja kuoa au umekuja kupika?"

"Nimekuja kuoa, mayu. Ila msimu wa mvua huu, na wageni ni wengi. Nani kasema kuni kavu zipo?"

Hazikuwapo. Harusi ile ilipikwa kwa kuni za bwana harusi. Roza anasema alimpenda siku hiyo, si kabla, na asikudanganye mtu.

Mwaka 1971 walihama na ng'ombe wao kuja Usangu, kwa sababu kule malisho yalikuwa yamebanana. Ugonjwa wa ndigana ukawamaliza ng'ombe. Mwaka uliofuata walibakiwa na majike mawili na fahali asiye na faida. Wakati huo wa njaa, Limbu, mtoto wa baba yake mdogo, aliyekuwa amewatangulia kuhamia huku, aliwapa mtama. Hilo ni kweli, na limeandikwa hapa ili asiwepo wa kusema limefichwa. Mwaka 1974 walipopangwa kijijini walijenga nyumba hii ambayo mmeketi mbele yake. Limbu alikuwa na nyavu na mitumbwi, akafungua kambi ya uvuvi kule Ihefu. Akamwita Shija awe mkuu wa maji, kwa sababu wengine wote pale walikuwa watu wa jembe na watu wa fimbo.

Kwa wale ambao hawajafika Ihefu: ni maji na matete mpaka macho yanachoka. Kambi iko juu ya kisiwa cha udongo, hapana mti hata mmoja. Kila ukuni hutoka nchi kavu kwa mtumbwi, safari ya nusu siku. Kuanzia mwezi wa sita maji hupungua, samaki hukusanyika kwenye madimbwi, na hapo ndipo watu huvuna. Lakini ndipo na baridi inaposhuka kutoka milimani na upepo wake, ikamkuta mtu amelowa, mbali na nyumbani. Wageni husema, "Ah, Usangu kuna joto bwana." Kuna joto, ndiyo. Mwezi wa kumi.

Marehemu aliweka sheria zake kule, na wengi mliokaa hapa mmeishi kwa sheria hizo. Mtu haendi majini peke yake. Mtu hanywi gongo ndipo apande mtumbwi, maana gongo humdanganya mwenye baridi. Nguo moja kavu hukaa kwenye mfuko wa nailoni wa mbolea, imefungwa mdomo, imefungwa na kwenye mtumbwi. Aliyetolewa majini huvuliwa kila kitu kilicholowa kabla ya kuulizwa habari, hufunikwa kikavu, mtu mwingine humkumbatia, hunyweshwa uji wa moto. Na hili alilirudia mpaka vijana wakawa wanamwigiza sauti: anayetetemeka muda bado upo, lakini anayesema hasikii baridi tena ndiye wa kushikwa kwanza. Huyo anakwenda.

Juu ya hizo zote aliweka kuni za mtu. Kitita kimoja kikavu kilining'inizwa ndani ya kibanda, juu darini, kwa kamba ya katani. Si cha kupikia, si cha samaki, hakina mwenyewe. Kilikuwa cha mtu atakayetolewa majini, awe nani. Mtumbwi wa kwanza kutoka nchi kavu kila mwezi ulileta kitita kipya, cha zamani kikapikiwa.

Vijana walimkejeli. Asukile, Mnyakyusa mwenye mdomo usiopumzika, ndiye aliyezidi.

"Mzee Shija, hizo si kuni za mtu, ni kuni za maiti. Unatutabiria!"

"Maiti haoti moto, kijana wangu."

"Basi na mimi nikijiangusha makusudi nitawashiwa?"

"Jiangushe. Utawashiwa. Ila nguo utakayomwagikiwa uji utaifua mwenyewe."

Julai mwaka jana Asukile aliteleza kweli. Alitolewa na midomo imekuwa ya kijivu. Kitita kikashushwa, moto ukawaka mkubwa, sufuria ikachemka, akapona. Tangu hapo hakusema tena kuni za maiti. Na Limbu alikuwepo, aliona kwa macho yake. Asije akasema hakujua.

Sasa ugonjwa. Mwezi wa sita mwaka huu marehemu aliugua kifua. Alikohoa sana, akachomwa sindano Rujewa, akaambiwa asiguse maji mpaka baridi iishe. Alitii. Alikaa hapa uani akishona nyavu juani, amejifunika blanketi, akigombana na kuku waliomkanyagia uzi. Mwanzoni mwa Julai alikuwa hakohoi tena, majirani walimsikia akiimba. Sehemu ya ugonjwa imekwisha. Hakuna nyingine.

Limbu alikuja alipokuwa ndio kwanza anapata nguvu.

"Kaka, msimu unatupita. Samaki wamejaa madimbwini, wanagongana vichwa. Wiki moja tu unisaidie."

Roza alikuwa mlangoni na ungo wake. "Shemeji, huyu ameambiwa asiguse maji."

"Hatagusa, shemeji! Atakaa kambini aangalie nyavu. Si nina vijana?"

"Vijana wako ndio wanaomwita wakizama."

Limbu akacheka. "Shemeji una maneno wewe! Nitakurudishia mzima, na gunia la samaki juu yake."

"Gunia sikukuomba," Roza akasema. "Nimekuomba mume."

Marehemu alikwenda. Mtama wa mwaka ule wa njaa ulikuwa bado shingoni mwake. Kingine alimwambia Roza wakati anafunga mzigo: "Nikae hapa, nani atatazama kile kitita? Hawa watakiacha kiliwe na mchwa." Na kweli alikikuta kibovu. Aliagiza kingine kutoka nchi kavu, akakifunga mwenyewe, akakipandisha darini. Kuanzia hapa maneno ni ya Asukile, ameyasema jana mbele ya wazee wote, na Limbu akiwa ameketi palepale hakubisha.

Siku hizo Othmani, mfanyabiashara wa Kihesa anayenunua samaki wa kambi, alichelewa. Lori lake lilivunjika springi njiani. Samaki wakarundikana kwenye kichanja, wakahitaji kubanikwa tena wasioze, na kuni zikaisha. Jumanne tarehe 18 Julai, upepo ukivuma kutoka milimani tangu asubuhi, Limbu akataka nyavu za mbali zivutwe siku hiyohiyo.

"Ziache zilale," marehemu akamwambia. "Upepo huu si wa mtumbwi."

"Kesho Othmani anafika. Hawa wa kichanjani hawalijazi lori lake, nijazie viganja?"

Vijana wakatazama chini. Limbu akamgeukia Asukile: "Wewe nenda." Asukile akaondoka kwenda peke yake, kwa sababu ni kijana na aliona haya kukataa. Marehemu alimtazama anavyosukuma mtumbwi, akasonya, akachukua mfuko wake wa nailoni, akamfuata, akapanda naye. Alikuwa ameweka sheria kwamba mtu haendi peke yake. Akaiheshimu, yeye aliyeambiwa asiguse maji.

Nyavu zilitoka zimejaa magugu kuliko samaki. Mtumbwi ukalemewa, ukingo ukawa sawasawa na maji, wimbi likaingia. Wote wawili wakaenda chini. Marehemu, koti lake lilikuwa kwenye mfuko, kavu. Asukile alikuwa amevaa la vifungo, jipya, la mtumba, alilolinunua Mbeya kwa kujivunia. Likamvuta. Shija akamfuata chini, akamshika, akakata vifungo kimoja kimoja kwa kisu cha nyavu mpaka koti likamwachia. Vifungo vile vipo kwenye tope la Ihefu mpaka sasa. Kazi hiyo ilimweka mzee mwenye kifua ndani ya maji ya Julai muda mrefu kuliko anaoweza mtu.

Walipopata kina cha kusimama, Asukile alikuwa anatetemeka hata meno yanagongana. Mfuko ulikuwa bado umefungwa kwenye mtumbwi kama alivyofundisha. Shija akaufungua, akatoa koti kavu, akamvika kijana.

"Mzee, hili lako."

"Vaa, usinichoshe. Mimi nina kitita kambini."

Wakasukuma mtumbwi katikati ya matete, maji ya magoti, upepo usoni. Waliona moshi wa kambi. Kila Asukile alipotaka kuketi, mzee alimsukuma mgongoni: "Tembea. Moshi ule pale. Kuni za mtu zipo, nimezifunga mwenyewe."

Hazikuwepo.

Mzee alipoingia kibandani, jambo la kwanza alitazama juu. Ilikuwa inaning'inia kamba tupu, imekatwa kwa kisu. Limbu alikuwa amezichukua mchana, mara tu wao walipoondoka, akazitia chini ya samaki.

"Wangeoza," Limbu akasema. "Nikajua leo nani ataanguka? Si mko watu wazima?"

Mtu atauliza: moto wa samaki si moto? Kichanja cha kubanikia kimefunikwa mikeka na udongo ili moshi ukae ndani. Hauna ndimi, una moshi. Ili mtu aote lazima ubomoe. Asukile, na kutetemeka kwake kote, aliinua mguu akibomoe kwa teke.

"We! Ukifungua hapo samaki wote wameharibika!" Limbu akamzuia, akatoa chupa ya gongo. "Mpeni mzee hii, itampasha."

Na marehemu akanywa. Ndugu waombolezaji, mtu huyu hakuwahi kunywa gongo kambini hata siku moja, na watu wote waliokuwepo walijua hivyo. Akanywa, akajifuta mdomo, akaketi chini akiwa bado na kaptula yake ya maji, akamwambia Asukile kwa upole, "Liache hilo, baba. Mimi mbona sisikii baridi tena."

Limbu akacheka. "Mnaona? Huyu ni mtu wa ziwa. Sisi ndio walaini."

Walikuwa wanaume saba katika kibanda kile. Kila mmoja alijua maneno yale yana maana gani. Walikuwa wakiyaigiza kwa sauti yake, wakichekeshana. Siku yalipotoka kinywani mwake mwenyewe, hakuinuka mtu. Asukile amesema hajui kwa nini hakuinuka. Amesema alikuwa anatetemeka, na alikuwa na koti la mzee, na kichwa kilikuwa kama kimejaa pamba. Tunamwamini. Wale wengine sita walikuwa wakavu. Wao hawajasema kitu.

Asubuhi vijana walimlaza marehemu mtumbwini, akipumua kwa mbali, wakampeleka nchi kavu ambako Othmani alikuwa amefika na lori. Othmani alimshika mguu, akauliza, "Mbona mtu huyu bado amevaa nguo za maji?" Alivua koti lake, akavua shati lake, akamkumbatia mzee kifua kwa kifua pale nyuma ya lori, na utingo wake akashika usukani. Limbu, aliyefuata kwa mtumbwi wa pili, akaja mbio na samaki wake: "Othmani, na mzigo je?" Othmani hakupakia samaki siku ile.

Sedekia Shija Malimi alikata roho ndani ya lori, kabla ya kufika Rujewa, alasiri ya Jumatano tarehe 19 Julai 1978, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Tangu siku hiyo wamekuja watu kumwambia Roza kwamba ni kazi ya Mungu. Mungu tunamwamini, na marehemu alimwamini. Lakini Mungu hakupanda darini na kisu. Wamekuja na kumwambia kwamba kifua kilikuwa kibovu toka zamani. Wamemwambia asiseme, maana Limbu ni ndugu, na ndugu hatupwi. Shija hakumtupa. Mtama aliokula ule, ameulipa na mwili wake, na sasa deni limekwisha. Asiutaje mtu tena mtama huo katika nyumba hii.

Limbu ametimiza neno lake moja. Ameleta gunia la samaki msibani, la kulisha waombolezaji. Lipo pale nje ya ua, mnaliona, halijafunguliwa. Samaki wale ni wazuri, wamebanikwa vizuri, hawakuoza hata mmoja. Roza hatawapika. Mwenye nalo ataondoka nalo leo jioni, na mtu asimbebee.

Asukile alifika juzi kwa miguu. Alileta koti la marehemu, limekunjwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, kavu kama alivyopewa. Alileta na kitita cha kuni kichwani, akamwomba Roza ruhusa, akakipandisha kwenye dari ya baraza, akakifunga kwa kamba ya katani. Kina mama wa jikoni jana walikitazama, maana kuni za msiba zilikuwa zinapungua. Roza akawaambia, "Hicho hakiguswi. Tutakula mbichi." Hakikuguswa. Mkigeuka mtakiona. Mwakani msimu ukifunguliwa kinakwenda Ihefu, mtumbwi wa kwanza, na Asukile ndiye atakayekipeleka. Mwenye kambi asiyekitaka aseme sasa, mbele ya jeneza, na vijana wa hapa wasikie.

Marehemu ameacha mjane, Roza. Ameacha watoto watano: Evarista aliyeolewa Idodi, Malimi anayefanya kazi Mbeya na kuishi mtaa wa Soweto hukohuko, Magesa, Verediana, na kitinda mimba Alinanuswe, aliyepewa jina na mama yake Asukile kwa ujirani. Ameacha wajukuu watatu, na mjomba Magesa, mzee sasa, ambaye hakuweza kusafiri ila ameagiza tuhakikishe koti halina vifungo. Halina, mjomba. Ameacha wanaume saba waliokuwa kibandani. Ameacha na ndugu mmoja, Limbu, ambaye tumemwachia nafasi atupe udongo kama wengine, na kabla hajatupa atazame juu kwenye dari ya baraza.

Shija, upumzike kwa amani mwili wako, na mahali ulipolala pawe pakavu.